Simu Imegoma, Geti Limekataa: Kutatua Matatizo ya Msafiri Katika Miji ya China

Mgeni akitua Guangzhou usiku, kufikia saa sita mchana wa kesho yake keshapata malalamiko matatu: WhatsApp imekufa, kadi ya benki imekataliwa dukani, na ramani inamwonyesha amesimama katikati ya Mto Zhujiang. Nimewapokea wageni wa namna hii miaka kadhaa. Wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo na Kamukunji waliokuja kufuata mzigo, wengine wanafunzi, wachache watalii waliokuja kuona Ukuta Mkuu tu. Malalamiko ni yale yale kila mwaka, na kinachoniuma ni kwamba karibu yote yanazuilika, na mengi yanatibika kwa dakika kumi ukijua pa kushika.

Kabla hujabonyeza chochote, jiulize maswali matatu. Jina nililoandika kwenye huduma hii linafanana na la pasipoti herufi kwa herufi? Namba ya simu niliyoitoa inapokea ujumbe sasa hivi? Na intaneti ninayotumia muda huu inatokea mlango upi, wa nyumbani au wa China? Tiketi, hoteli, malipo, teksi, hata kuingia makumbusho, vyote vimefungwa kwenye hayo matatu. Sehemu kubwa ya yanayofuata ni kutafuta tu ni lipi kati yao limekatika.

WhatsApp ilifanya kazi uwanja wa ndege, hotelini imekufa

Ukiwa uwanjani simu ilitumia laini ya nyumbani kwa roming. Data ya roming haitokei China. Inarudishwa kwanza kwenye mtandao wa kampuni yako ya simu kule ulikotoka, ndipo inaenda inakokwenda. Ndiyo maana WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube zilifunguka bila shida. Ulipofika hotelini ukaunganisha Wi-Fi, ukaanza kutokea mlango wa China, na kwa mlango huo huduma hizo zimezuiwa. Simu yako haina ugonjwa wowote. Kipimo chake ni hiki: zima Wi-Fi, subiri nusu dakika, tuma ujumbe. Ukienda, umeshajua.

Roming ya kawaida inaweza kumeza salio lote kwa siku moja, kwa hiyo uliza bei ya kifurushi cha nje kabla ya kupanda ndege. Siku hizi wengi wananunua eSIM ya safari, yaani laini ya kupakua simuni isiyo na kadi, ambayo data yake hutokea Hong Kong au Singapore, nayo inafanya kazi vizuri kama simu yako ina uwezo wa eSIM. Wapo wanaotegemea VPN, programu inayoipitisha intaneti yako nchi nyingine. Hiyo lazima uipakue ukiwa bado nyumbani, kwa sababu Google Play haifunguki ndani ya China, na ujue kwamba sheria ya huku inataka VPN iwe na kibali. Roming na eSIM ya nje hazina mgogoro huo. Ushauri wangu kwa mgeni wa wiki mbili: eSIM kwa ajili ya data, na laini ya nyumbani ibaki simuni kwa kazi moja tu, kupokea ujumbe wa benki.

Laini ya China nayo ina faida zake. Wi-Fi ya hoteli na ya stesheni mara nyingi huomba namba ya China ili ikutumie tarakimu za kuthibitisha, na bila namba hiyo unabaki unatazama ukurasa tu. Maduka ya China Mobile, China Unicom na China Telecom yanakusajilia laini kwa pasipoti na picha ya uso inayopigwa hapo hapo. Ila kumbuka laini hiyo inatokea mlango wa China, kwa hiyo haitakufungulia WhatsApp.

Jambo moja la kufanya nyumbani: fungua akaunti ya WeChat, programu ya Wachina ya ujumbe na malipo, mapema. Akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwingine mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo. Dar au Nairobi utampata jamaa wa kukusaidia. Saa tano usiku kwenye korido ya hoteli usiyemjua mtu, utahangaika.

Msimbo wa QR umesomeka, malipo yamekataliwa

Hapa ndipo watu wanapofedheheka, kwa sababu inatokea kaunta, foleni ikiwa nyuma yako. Alipay, programu nyingine ya malipo ya Wachina, na WeChat zote mbili zinapokea kadi za nje kama Visa na Mastercard, na tangu 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kwa kadi hizo kilipandishwa hadi dola 5,000. Kwa hiyo bakuli la tambi la yuan 20 likikataliwa, tatizo si kikomo.

Soma kwanza ujumbe unaosema nini. Ukisema benki yako imekataa, basi chanzo kiko nyumbani. Benki nyingi za kwetu huwa zimefunga manunuzi ya mtandaoni ya nje mpaka mwenye kadi aombe kufunguliwa, na nyingine hutuma tarakimu za kuthibitisha kwenye namba yako ya nyumbani, ile laini uliyoitoa uwanja wa ndege ukaitia kwenye pochi. Irudishe simuni. Piga benki kabla ya safari, waambie tarehe na nchi, kisha uunganishe kadi na programu ukiwa bado nyumbani. Ukiwa na kadi mbili za benki tofauti, unganisha zote.

Kama ujumbe hautaji benki, tazama msimbo wenyewe. Ipo misimbo ya biashara na ipo misimbo ya mtu binafsi, na kwa macho zinafanana sana. Kadi ya nje inalipa biashara. Kumtumia pesa mtu binafsi haiwezi. Mama anayeuza viazi vitamu vya kuchoma pembeni ya barabara huenda kabandika msimbo wake binafsi, na hapo utajaribu mpaka uchoke. Kwenye maduka geuza mwelekeo: badala ya wewe kuskani msimbo wao, fungua msimbo wako wa kulipia, wao wakuskani. Mara nyingi inakubali. Kwa muuza viazi toa noti.

Chanzo cha tatu ni VPN. Ikiwa imewashwa, programu ya malipo inaweza kukuona uko nchi nyingine wakati duka liko Guangzhou, na ikajilinda kwa kukataa. Zima VPN, lipa, washa tena. Cha nne ni jina: ukisajili “Asha Juma” na pasipoti inasema “JUMA, ASHA SALUM”, uthibitisho unaweza kukwama na akaunti ikabaki na mipaka midogo. Kwa hiyo usingoje siku ya kulipa mzigo ndipo ujaribu. Siku ya kwanza nunua chupa ya maji ya yuan 2 kwa kila programu. Ikipita, njia iko wazi.

Kuhusu ada: malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hayana makato, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Bili ya yuan 360 ya chakula cha pamoja, mwombe mhudumu aikate mara mbili, 180 na 180. Wamezoea, na si aibu.

Pesa taslimu bado ni halali na duka haliruhusiwi kuikataa, ingawa muuzaji anaweza kukosa chenji. Noti kubwa kabisa ya China ni ya yuan 100, hivyo hata noti chache hujaza pochi. Uwe na 10 na 20 kadhaa. Ukiishiwa, ATM za benki kubwa kama Bank of China na ICBC kwa kawaida hupokea kadi za nje.

Ramani inakuweka mtaa usiokuwepo

China inatumia mfumo wake wa kuratibu ramani, unaoitwa GCJ-02, ambao kwa makusudi umesogezwa kutoka kwenye mfumo wa GPS wa dunia. Tofauti inaweza kufika mita mia kadhaa. Google Maps huchanganya hiyo mifumo miwili, ndiyo maana doa lako linaelea mtoni. Weka ramani ya Kichina: Gaode, inayojulikana pia kama Amap, au Baidu. Kwenye iPhone, ramani ya Apple ya kawaida inafanya kazi vizuri huku.

Kama Gaode nayo inakupeleka siko, chanzo ni jina uliloliandika kwa herufi za Kilatini. Mitaa mingi hutamkwa karibu sawa. Tafuta kwa maandishi ya Kichina: omba hoteli kadi yao, ipige picha, nakili anwani iwe kwenye simu. Na mtu akikupa miadi kwenye metro, muulize herufi ya mlango wa kutokea. Stesheni ya Xiaobei, pale wanapokaa Waafrika wengi, ukitokea mlango usio wako unajikuta ng'ambo ya barabara pana, na mwenzako yuko upande wa pili anakupungia mkono.

Teksi ya Didi, ambayo utaiita ukiwa ndani ya Alipay au WeChat, ina tatizo lake dogo: dereva anasema amefika, wewe humwoni. Stesheni kubwa na viwanja vya ndege vina maeneo maalumu ya kupakia abiria, mara nyingi ghorofa ya chini ya ardhi, na dereva haruhusiwi kukufuata mlangoni. Fuata alama za Didi, kisha soma namba ya gari. Kibao cha kijani ni gari la umeme au mseto, cha bluu ni la mafuta. Mtu anayekunong'oneza “taxi, taxi” ndani ya ukumbi wa wanaowasili, mpite.

Geti la treni linawaka taa nyekundu

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa kosa la hapa hula siku nzima.

Asubuhi moja nilimsindikiza mama mmoja wa Kariakoo, muuza vitambaa, aliyekuwa anaelekea Yiwu, mji wa masoko ya jumla. Tuko stesheni ya Guangzhou Kusini, foleni inasogea, anaweka pasipoti yake juu ya kioo cha mashine. Taa nyekundu. Akaifuta pasipoti kwa ncha ya mtandio, taratibu kama anayefuta uso wa mtoto, akaiweka tena. Nyekundu. Akaniangalia: “Mwanangu, hii mashine hainitaki.” Nikamwomba anionyeshe tiketi aliyokatiwa na binti yake. Jina lilikuwa sawa. Namba ya pasipoti ilikuwa ya ile ya zamani, iliyokwisha muda mwaka uliopita na bado picha yake imekaa kwenye simu ya binti. Tukaenda dirisha la huduma. Tiketi ile ikarudishwa, ikakatwa nyingine kwa pasipoti mpya. Treni yake ilikuwa imeshaondoka. Akapanda iliyofuata baada ya saa mbili, tumeshakunywa chai ya moto kutoka kwenye bomba la stesheni.

Treni za China hazina tiketi ya karatasi ya kuonyesha. Pasipoti ndiyo tiketi, kwa hiyo namba ikikosewa, huna tiketi. Unapojaza jina usifuate jinsi unavyoitwa nyumbani. Fungua ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <<<. Mstari wa juu unaanza na aina ya hati na kifupi cha nchi, kisha jina la ukoo, alama mbili, halafu majina mengine. Nakili kwa mpangilio huo huo. Na ukibadilisha pasipoti, futa picha za ile ya zamani kwenye simu ya kila anayekukatia tiketi.

Kama namba iko sawa na bado taa ni nyekundu, yawezekana umesimama kwenye geti la vitambulisho vya Wachina tu. Nenda lile la pembeni lenye mhudumu. Au yawezekana uko stesheni siyo, na hili huwapata wengi. Guangzhou ina Guangzhou yenyewe, Guangzhou Mashariki, Guangzhou Kusini, na Guangzhou Baiyun iliyofunguliwa Desemba 2023. Kutoka moja hadi nyingine kwa metro unaweza kumaliza karibu saa nzima. Jifunze maneno manne na hayatakuangusha mji wowote: *dong* mashariki, *xi* magharibi, *nan* kusini, *bei* kaskazini.

Halafu saa. Tiketi inaandika 07:12. Sisi tuliozoea saa ya Kiswahili, jicho likiona saba linaweza kusoma saa saba, na treni ilikuwa ya saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Nimeona watu wazima, waangalifu, wakikosea hapo. Andika muda wako pembeni kwa Kiswahili kamili, ukitaja asubuhi au mchana. Geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka na halifunguliwi kwa huruma, hivyo fika saa nzima mapema, kwa kuwa kuna ukaguzi wa mizigo na foleni zake.

Mapokezi wanasema hawapokei wageni wa nje

Hoteli inatakiwa kumsajili kila mgeni wa nje kwenye mfumo wa polisi. Mfanyakazi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kufanya hivyo huogopa kukosea, akaona afadhali akukatae. Mwaka 2024 serikali ilitoa agizo kwamba hoteli zisiwakatae wageni kwa kisingizio cha kutokuwa na sifa ya kuwapokea. Kwa hiyo kuwa mpole, onyesha pasipoti na ukurasa wa viza, waombe wapige simu kituo cha polisi cha mtaa waelekezwe. Namba 12345 ni ya huduma za mji, unaweza kupeleka malalamiko hapo. Lakini kama ni saa sita usiku na mtoto amelala begani, nenda hoteli nyingine. Haki yako utaidai asubuhi.

Ukilala kwa ndugu au rafiki, kujisajili ni juu yako na mwenyeji wako, kituo cha polisi, ndani ya saa 24. Wengi wetu tunadharau hili kwa sababu ni “nyumbani kwa mtu”. Polisi hawalidharau. Na pasipoti utembee nayo: kwa sheria ya huku, mgeni aliyetimiza miaka 16 anatakiwa awe nayo.

Umekwenda Hong Kong siku moja, kurudi umezuiwa

Hili halina tiba ya haraka, naomba ulisome mara mbili. Kuingia Hong Kong au Macau ni kutoka China bara kwa mujibu wa uhamiaji. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha pale pale unapovuka. Mzigo uko ghalani Guangzhou, nguo ziko hotelini, na wewe uko Shenzhen mpakani upande usiofaa. Itabidi uombe viza upya ukiwa Hong Kong, kwa siku na gharama ambazo hukuzipanga. Fungua ukurasa wa viza, tafuta idadi ya kuingia. Ikiwa 01, usivuke.

Siku za kukaa nazo hesabu kwa makini. Kuzidisha muda ni faini ya yuan 500 kwa siku, hadi 10,000, na unaweza kuwekwa kizuizini.

Yanayotokea mara moja moja

Pawabanki imechukuliwa uwanja wa ndege. Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabanki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, inayosomeka vizuri. Nyingi tunazonunua kwetu hazina. Nunua yenye alama hiyo huku huku, isizidi saa-wati 100, na uibebe mkononi. Kwenye mzigo wa kupakiwa hairuhusiwi.

Umefika Jumba la Kifalme la Beijing, umerudishwa. Tiketi zake hukatwa mtandaoni kwa pasipoti, hadi siku saba kabla, na Jumatatu hufungwa isipokuwa iwe sikukuu. Siku za joto tiketi huisha mapema sana.

Umefika sokoni, maduka yamefungwa. Ni Sikukuu ya Machipuko, yaani mwaka mpya wa Kichina, inayoangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, na viwanda huweza kulala wiki kadhaa. Au ni likizo ya kuanzia tarehe 1 Oktoba. Anayekuja kwa Maonyesho ya Canton ya vuli, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayoanza tarehe 15 Oktoba, apange kutua baada ya likizo hiyo kwisha.

Chakula kinakutia wasiwasi. Tafuta alama 清真, inatamkwa *qingzhen*, maana yake halali. Maduka ya tambi za Lanzhou yapo karibu kila mtaa, mengi ni ya Waislamu wa Kihui, na bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe hushibisha. Guangzhou kuna msikiti wa Huaisheng wenye mnara wake mweupe uliokuwa ukiwaongoza mabaharia. Ijumaa pale utasikia Kiswahili uani, na mtu wa kukuelekeza hutamkosa.

Kijana mchangamfu amekuomba picha Nanjing Road kule Shanghai, sasa anakualika kuonja chai. Kataa kwa upole. Bili ya chai hiyo huja na maelfu ya yuan.

Mtu anaumwa: gari la wagonjwa ni 120, polisi 110, zimamoto 119. Hospitali kwa kawaida hutaka malipo ya awali na pasipoti, kwa hiyo bima yako uwe na namba yake ya dharura karatasini.

Simu imezima kabisa

Ramani, pesa, anwani ya hoteli na mkalimani wako vimezimika pamoja. Kuna mashine za kukodi pawabanki kwenye karibu kila mgahawa, ila ili ukodi lazima simu iwe inawaka. Ingia duka lolote, toa chaja, onyesha kioo cheusi. Sijawahi kukataliwa. Ukumbuke tu kwamba plagi yetu ya miguu mitatu minene ya Kiingereza haiingii kwenye soketi za China bara, basi adapta ikae kwenye begi, sio hotelini.

Kila mgeni ninayempokea nampa bahasha ya kuweka mfuko wa ndani wa koti. Ndani yake mna kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, nakala ya viza, namba tatu za simu zilizoandikwa kwa mkono, na yuan 300 za noti ndogo ndogo. Yule mama wa vitambaa aliirudisha ya kwake wiki mbili baadaye, hajatumia hata senti. Kwa ndani, pembeni ya namba yangu, alikuwa ameongeza namba ya binti yake na, chini yake, namba ya pasipoti mpya.